Robert Koch na Maji Tunayokunywa

Kila kunapopambazuka katika mwambao wa Kizuka, wavuvi hurejea na ndagala wao, akina mama hushuka ufukoni na ndoo, na watoto huoga papo hapo palipoegeshwa mitumbwi. Maji ya Tanganyika ni maangavu, hata mawe ya chini huonekana. Askari atokaye lindoni huinama, akayateka kwa kiganja na kuyanywa. Ndugu wasomaji, leo twapenda kuwasimulia maisha ya mtu aliyeuonyesha ulimwengu kwamba uangavu wa maji si ushahidi wa usafi wake.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, nchini Ujerumani. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Vita vya Prussia na Ufaransa vilipozuka mwaka 1870, alijitolea kwenda kutibu askari. Baada ya vita alipewa kazi ya udaktari wa wilaya huko Wollstein. Hakuwa na maabara. Alikuwa na hadubini na subira. Kwa vyombo hivyo vichache alidhihirisha, mwaka 1876, kijidudu kinacholeta kimeta, na mwaka 1882 akatangaza kile cha kifua kikuu.

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Koch aende Alexandria, na ugonjwa ulipopungua huko alisafiri hadi Calcutta, nchini India. Humo, mwanzoni mwa 1884, alikitambua kijidudu chenye umbo la mkato wa maandishi ndani ya matumbo ya wafu. Mwitalia Filippo Pacini alikwisha kukiona mwaka 1854, lakini wakubwa wa elimu hawakumjali. Koch aliendelea mbele: alikikuta kijidudu hicho hicho katika kidimbwi ambamo wenyeji waliokuwa wakiugua walikuwa wakioga, wakifua na kuteka maji ya kunywa.

Mtihani mkubwa ulikuja mwezi Agosti 1892 katika bandari ya Hamburg. Mji huo tajiri ulikuwa ukivuta maji ya Mto Elbe na kuyapeleka majumbani bila kuyachuja. Katika muda wa majuma machache watu zaidi ya 8,000 walikufa. Jirani yake, mji wa Altona, uliteka maji ya mto huo huo, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulikwisha kuingia; ila Altona iliyapitisha kwanza katika machujio ya mchanga. Palikuwa na mtaa uliogawanywa na mpaka wa miji hiyo miwili. Upande wa Hamburg watu waliugua, na upande wa Altona walisalimika. Hewa yao ilikuwa moja na udongo wao mmoja. Kilichowatenganisha kilikuwa bomba la maji.

Koch hakuishia hapo. Alidai kwamba kila chujio lipimwe kila siku, na kwamba maji yaliyochujwa yasiwe na vijidudu zaidi ya 100 katika kila sentimita moja ya ujazo. Yakizidi, yasipelekwe kwa watu. Tangu hapo upimaji wa maji ukawa kazi ya ulinzi isiyo na likizo, kama zamu ya askari langoni.

Hata hivyo, si haki kumsifu mtu kwa kuficha makosa yake. Dawa ya kifua kikuu aliyoitangaza mwaka 1890 haikuponya. Alipokwenda katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906, kupambana na malale, aliwadunga wagonjwa atoksili, na alipoongeza kipimo baadhi yao walipofuka macho. Baada ya safari hiyo utawala wa Kijerumani ulijenga kambi za wagonjwa wa malale hadi katika mwambao wa Tanganyika. Mwafrika aliyekuwa chini ya ukoloni hakuwa na nafasi ya kukataa sindano. Kwa hiyo Koch ametuachia mafundisho mawili: kupima kabla ya kuamini, na kutomgeuza binadamu kuwa kifaa cha kupimia. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, miaka mitano baada ya kupewa Tuzo ya Nobel.

Habari hizi zinatuhusu sana. Kipindupindu kilifika katika eneo la ziwa letu mwaka 1978, kikarudi kwa nguvu mwaka 1992. Wachunguzi waliowahoji wagonjwa na watu wazima wa afya mjini Rumonge waliona kwamba kunywa maji ya ziwa na kuoga ndani yake kulihusiana na kuugua. Elimu ya baadaye imeongeza jambo ambalo Koch hakulijua: kijidudu hicho chaweza kuishi majini kikiwa kimejishikiza kwa viumbe vidogo vinavyokula mwani. Ndiyo sababu wataalamu wa Tanganyika sasa huchunguza joto la maji, mwani na viumbe hivyo pamoja na idadi ya wagonjwa.

Sisi tulio kambini na vituoni hatuna hadubini, lakini tuna amri tunazoweza kujipa wenyewe. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Choo kichimbwe mbali na ufuko. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Na mwenzetu anayeharisha majimaji apelekwe zahanati mara moja, huku akinyweshwa maji ya chumvi na sukari njiani. Kikosi kizima chaweza kulala chini kwa sababu ya ndoo moja. Mlinzi hamruhusu mtu kupita langoni eti kwa kuwa amevaa nguo safi, humwomba vitambulisho. Na maji ya ziwa tuyatendee vivyo hivyo.