David Livingstone na tumbo lake

Jina la David Livingstone wengi wetu tulilikuta pa shule ya msingi, mu somo la historia: muzungu mwenye kofia, mvumbuzi wa maziwa na mito. Kitu ambacho mwalimu hakutuambia ni kwamba mtu huyu alikuwa mgonjwa wa tumbo. Karibu miaka ishirini ya maisha yake ugenini, aliishi na tumbo la kuharisha na kutoka damu, lenye kutulia kidogo na kurudia tena. Sehemu kubwa ya mateso hayo aliipitia upande huu wetu, Maniema. Maji ya Elila tunayovuka Mwenga yanaishia Lualaba, na Lualaba njo mto ambao huyu mzee aliufwata mpaka ukamchosha.

Ninaandika habari zake ju kila wiki, nikitembelea vikundi vya wenzetu waliorudi hapa Kamituga, ninakuta tumbo la namna ile. Mwenye nalo alilianza kambini Tanzania ao Burundi, akarudi nalo nyumbani, na anaendelea kushuka machimboni ao kubeba mizigo ya sokoni kama vile hakuna kitu. Ukimuuliza, anasema ni kawaida. Livingstone naye alisema hivyo hivyo, na yeye alikuwa daktari.

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 3 mwaka 1813 pale Blantyre, Uskoti, mu familia masikini. Akiwa na miaka 10 tu alianza kazi mu kiwanda cha pamba, mchana kazi, usiku masomo. Alipata cheti cha udaktari Glasgow mwaka 1840, na mwaka uliofuata alifika Afrika ya Kusini kama mmisionari. Akamuoa Mary Moffat, binti wa mmisionari mwenzake. Hayo yote vitabu vinayasema vizuri, siyarudilie.

Kati ya mwaka 1853 na 1854 alitembea kutoka Linyanti, katikati ya bara, mpaka Luanda ya Angola, pamoja na wanaume 27 ambao chifu wa Makololo alimpa. Alifika mwezi wa 5, amekonda, anaharisha damu, na homa juu yake. Muingereza mmoja aliyekaa Luanda, Edmund Gabriel, alimpa kitanda chake. Bandarini kulikuwa meli za Waingereza, wakamwambia apande arudi kwao akajitunze. Alikataa. Aliwaza wale wanaume 27: nani angewarudisha kwao? Wao hawakukaa bure wakati anaumwa, walipata kibarua cha kushusha makaa ya mawe melini, wakajinunulia vitu vya kupeleka nyumbani. Kisha akawarudisha mpaka Linyanti. Mimi ninamheshimu kwa safari hii ya kurudi kuliko kwa maziwa yote aliyoyaandika kwenye karata.

Lakini pale pale njo tabia moja ilianza: tumbo linaweza kungoja, safari haiwezi. Mwaka 1864, akiwa Uingereza, tayari mjane (Mary alikufa kwa homa pale Shupanga, kwenye Zambezi, mwaka 1862), madaktari waliona bawasiri yake inatoka damu sana. Walimshauri apasuliwe. Hakukubali. Alikuwa mtu maarufu, na jambo la sehemu ile ya mwili hakutaka lifike mu magazeti. Haya ilishinda dawa. Ndugu zangu, haya hiyo tunaijua. Mama mmoja anaweza kukuambia habari za mguu wake nusu saa nzima, lakini damu ya chooni hataitaja ata kwa bwana yake.

Safari ya mwisho aliianza mwaka 1866 kutoka Zanzibar, akapita Mikindani na mto Ruvuma, na watu kama 60. Lengo lilikuwa chanzo cha mto Nile. Watu wakaanza kupungua: wengine walirudi pwani, wengine walitoroka na kutangaza kwamba amekufa. Mbuzi wake wa maziwa wakapotea, na maziwa njo yalikuwa yanatuliza tumbo lake. Kisha, mwezi wa 1 mwaka 1867, wabeba mizigo wawili walikimbia msituni wakati wa mvua na sanduku la dawa likaenda nao. Kwinini yote. Dawa zote. Aliandika mu daftari yake kwamba aliona ni kama hukumu ya kifo.

Hapa niseme kidogo juu ya zile dawa. Livingstone alitengeneza vidonge vyake mwenyewe vya homa. Vilikuwa na kwinini, na hiyo ilisaidia kweli. Lakini alichanganya pia vitu vikali vya kuendesha tumbo, na kimoja, calomel, kimetokana na zebaki. Zamani zile madaktari waliamini ugonjwa lazima utolewe kwa chini. Tusimcheke haraka sana, ju pa kwetu lavema ya pilipili bado inafanya kazi ile ile kwa mtoto aliyekwisha kukauka kwa kuhara.

Bila dawa aliendelea. Alifika ziwa Mweru mwishoni mwa 1867, ziwa Bangweulu mwaka 1868. Mwanzoni mwa 1869 mapafu yalimshinda, akakohoa damu, hakuweza tena kutembea. Aliyemuokoa ni Muhammad Bogharib, mfanyabiashara Mwarabu wa pembe na watumwa. Alimtengenezea tipoyi, akaweka watu wa kumbeba, akampa chakula na dawa mpaka Ujiji. Livingstone alichukia biashara ya watumwa maisha yake yote, na hapa anabebwa na mwenye biashara hiyo. Mtu akikaa ugenini na ugonjwa, si yeye anachagua mkono wa kumlisha. Pale Ujiji alitazamia kukuta mizigo iliyotumwa kutoka Zanzibar. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuibwa.

Mwezi wa 7 mwaka 1869 alivuka ziwa Tanganyika, akaingia Maniema, na mwezi wa 9 alifika mahali alipoandika Bambarre. Ni Kabambare ya leo. Mvua ikaanza. Kila aliponyeshewa alipatwa na kuhara kwa kipindupindu, nguvu zikaisha. Mwezi wa 2 mwaka 1870 alipumzika kwenye kambi ya wafanyabiashara iliyoitwa Mamohela, na pale kulitokea jambo ambalo mimi ninaliona ni kubwa. Alipona. Aliandika sababu zake mwenyewe: kupumzika, kukaa chini ya paa, kuchemsha maji yote aliyotumia, na zaidi ya yote aina ya kiazi kipya kwake, alichokiandika nyumbo, ambacho wenyeji walisifu kwamba kinarudisha nguvu.

Muangalie mwaka: 1870. Amibi ya tumbo ilikuwa bado haijaelezwa vizuri. Daktari Lösch wa Urusi aliieleza mwaka 1875, na bakteria ya kipindupindu Robert Koch aliieleza mwaka 1884. Livingstone hakujua kuna nini mu maji. Aliona tu kwamba akiyachemsha, tumbo linatulia. Moto unaua vile vitu vyote, amibi na kipindupindu na tifoide, ukiacha maji yatokote kweli na kisha ukayaweka mu bidoni safi yenye mfuniko. Na dawa ya kwanza aliyoisifu ilikuwa chakula cha mama wa kijiji. Katika vikundi vyetu ninasikia watu wanasema tumbo halitapona mpaka upate franga za kwenda Bukavu. Franga zinahitajika, ndiyo. Lakini kuni za kuchemshia na siku nne za kupumzika pia ni matibabu, na kwa mtu anayekula kwa kibarua, zile siku nne njo kitu ghali kuliko komprime. Sanduku letu la msaada linalipa fishi ya hospitali. Siku za kupumzika bado hailipi mtu. Ninaliweka mbele ya komite.

Amani ile ya Mamohela haikudumu, ju hakudumu nayo. Mwezi wa 6 akatoka tena, na watu watatu tu waliobaki waaminifu: Susi, Chuma na Gardner. Matope yakamtoboa miguu, vidonda vikafika ndani, akarudi Kabambare mwezi wa 7 na kukaa siku karibu 80 ndani ya nyumba. Dawa iliyomsaidia vile vidonda ilikuwa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, lililosagwa na maji juu ya jiwe na kupakwa kwa unyoya wa kuku. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, ukingo wa Lualaba. Tarehe 15 mwezi wa 7 aliona wafanyabiashara wa watumwa wakipiga risasi sokoni, kwa wanawake waliokuja kuuza, mamia wakafa, wengi mtoni. Akageuka na kurudi Ujiji kwa mguu, tumbo likiwa limerudia, akafika mwezi wa 10. Mara hii pia vitu vyake vilikuwa vimeuzwa vyote.

Muda mfupi baadaye Stanley akafika. Sisi watu wa Kongo tunajua kazi aliyofanyia Leopold baadaye, sitamsafisha. Lakini kwa mgonjwa, alichopeleka kilikuwa chakula, dawa, barua za watoto na mtu wa kuongea naye. Mzee ambaye alikuwa anaonja tu akaanza kula mara nne kwa siku, na mwili ukarudi. Wakapanda mtumbwi pamoja mpaka kaskazini ya ziwa, upande wa Uvira, wakaona Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Kisha wakaenda Unyanyembe, karibu na Tabora. Stanley alimuomba waondoke wote, arudi kwao, apone, atengeneze meno yaliyokwisha. Alikataa kama alivyokataa Luanda. Tofauti ni kwamba Luanda kulikuwa watu 27 wa kurudisha. Safari hii kulikuwa chanzo cha Nile, na chanzo hicho hakikuwa pale: Lualaba ni Kongo, Stanley alithibitisha mwaka 1877.

Stanley aliondoka mwezi wa 3 mwaka 1872. Livingstone alingoja wabebaji wapya, akatoka Unyanyembe mwezi wa 8. Ndani ya wiki chache tumbo lilikuwa limeanza. Akajipa moyo kwamba damu inayotoka inamkinga na homa, kama vile ugonjwa unapata mlango. Kila tone lilikuwa linamuondolea nguvu. Mwanzo wa 1873 walikuwa mu vinamasi vya Bangweulu, mvua juu, maji kifuani, watu wakimbeba mabegani kwa zamu kuvuka. Mwezi wa 4 alianguka kutoka juu ya punda. Wakatengeneza tipoyi. Waliotembea na tipoyi ya mgonjwa kutoka vijiji vya ndani mpaka barabara ya Kamituga wanajua: kila jiwe mgonjwa analisikia. Wakisimama, aliomba wamuache kidogo. Tarehe 27 mwezi wa 4 aliandika maneno ya mwisho, machache.

Walimfikisha kijiji cha chifu Chitambo, mu Zambia ya leo, wakamjengea nyumba ya nyasi. Usiku wa mwisho aliomba maji ya moto na sanduku la dawa. Macho hayakuona tena vizuri, akachagua kwa shida chupa ya calomel, akamruhusu Susi aende. Kijana Majwara alilala mlangoni. Kabla ya kupambazuka tarehe 1 mwezi wa 5 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, alifungua maiti, akakuta bonge kubwa la damu. Moyo na matumbo walivizika chini ya mti wa mpundu. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga mu ganda la mti, na kundi zima, pamoja na Halima mpishi wake, likaubeba mpaka Bagamoyo. Walifika mwezi wa 2 mwaka 1874. Njiani, Unyanyembe, Muingereza mmoja aliwashauri wazike pale pale. Walikataa: mtu anarudishwa kwao.

Alizikwa London, kanisa la Westminster, tarehe 18 mwezi wa 4. Walimtambua kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba mwaka 1844. Kati ya wale waliombeba, mmoja tu, Jacob Wainwright, alikuwa kwenye mazishi. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Walikaa na Horace Waller, aliyekuwa anatayarisha daftari za marehemu kwa kitabu. Kuanzia pale maandishi yanapokatika, wao wawili njo walieleza siku kwa siku: alikunywa nini, alilala wapi, nani alibeba mbele na nani alibeba nyuma.