Cicero alikwenda ng'ambo kutafuta nini?

Kila mwaka vijana wetu huabiri ndege kwenda kusoma ng'ambo, na aghalabu wazazi na majirani hufanya harambee ili kugharimia safari hizo. Hakuna ubaya. Hata hivyo, kabla ya kuuliza aende wapi, mwanafunzi hana budi kujiuliza anakwenda kutafuta nini. Aliyelijibu swali hilo kwa vitendo ni Marcus Tullius Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale.

Cicero alizaliwa mwaka wa 106 K.K. katika Arpinum, mji mdogo ulio mbali kidogo na Roma. Hakutoka katika ukoo wa watawala. Mwaka wa 80 K.K. alijipatia jina alipomtetea Sextus Roscius, aliyeshtakiwa kwa kumuua babake mzazi. Lakini wakili huyo kijana alikuwa na kasoro kubwa. Mwili wake ulikuwa dhaifu, shingo nyembamba, naye alihutubu kwa kupaaza sauti tangu mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Marafiki na matabibu walimshauri aiache kazi hiyo wakihofia uhai wake.

Hakuiacha. Mwaka wa 79 K.K., akiwa na umri wa miaka 27, alifunga safari kwenda Ugiriki. Nchi hiyo ilikuwa chini ya Roma, na miaka saba tu ilikuwa imepita tangu jeshi la Sulla kuuteka na kuupora mji wa Athens. Mwenye majivuno angeuliza mtawala ana lipi la kujifunza kwa mtawaliwa. Cicero aliketi Athens kwa miezi sita, takriban muhula mmoja wa chuo kikuu, akisoma falsafa kwa Antiochus wa Ascalon na kufanya mazoezi ya usemaji chini ya Demetrius wa Syria. Kisha akapitia Asia Ndogo hadi kisiwa cha Rhodes kwa mwalimu Apollonius Molon. Huyo alimrudi bila kumwonea haya, akamfunza kuyazuia maneno yaliyofurika mithili ya mto uliovunja kingo zake. Baada ya miaka miwili Cicero alirejea nyumbani sauti yake imetulia na mwili umepata nguvu. Mwaka wa 63 K.K. akawa konsuli, cheo cha juu kabisa katika jamhuri hiyo.

Lakini tunda bora la masomo hayo lilionekana uzeeni. Kati ya mwaka wa 45 na 44 K.K., akiwa amesukumwa kando na utawala wa Caesar na kufiwa na bintiye Tullia, aliandika vitabu vya falsafa kwa Kilatini. Wasomi wengi wa Roma waliamini kuwa elimu hiyo yafaa kusomwa kwa Kigiriki tu. Cicero alikataa kuacha mbachao kwa msala upitao. Pale lugha yake ilipopungukiwa, aliunda maneno. Baadhi yake, kama qualitas na moralis, yangali hai katika lugha nyingi za Ulaya.

Mwanawe Marcus naye alipelekwa Athens mwaka wa 45 K.K., akiwa na posho nono. Habari zilipomfikia baba kwamba kijana alikuwa akiponda raha, alimwandikia kitabu kizima kuhusu wajibu wa mwanadamu. Mwaka wa 44 K.K. alianza safari ya kwenda kumwona, akarudi njiani, kisha akakabiliana na Antonius kwa hotuba. Hotuba hizo zilimgharimu maisha. Aliuawa tarehe 7 Desemba mwaka wa 43 K.K.

Posho haikumfanya mwana kuwa baba. Baba aliijua kasoro yake kabla ya kuondoka, akakubali kurudiwa na mwalimu, na aliporejea alichojifunza ugenini akakifanya mali ya watu wake.

Hapa ndipo penye deni letu. Tunao wasomi waliobobea katika vyuo vya ng'ambo, lakini ukiwaomba waeleze taaluma zao kwa Kiswahili hudai kwamba lugha haina maneno. Kilatini pia hakikuwa nayo. Walimu na wanafunzi, maneno huundwa na wale wanaoona haya kuwaacha wenzao gizani.