LUTENI HOLMAN, KIPOFU ALIYEIZUNGUKA DUNIA KWA FIMBO

Askari apotezaye macho kazini huhesabiwa na wengi kuwa amekwisha. Hupewa pole, hupewa pensheni, kisha husahauliwa. Tumeona vema leo tuwasimulie askari na polisi wetu habari za ofisa mmoja wa zamani aliyekataa kuhesabiwa hivyo.

James Holman alizaliwa Exeter, Uingereza, tarehe 15 Oktoba, 1786. Aliingia Jeshi la Wanamaji mwaka 1798, akiwa na umri wa miaka 12, na mwaka 1807 akapata cheo cha luteni. Mwaka 1810, alipokuwa akitumika katika bahari ya Amerika, alishikwa na maradhi makali ya viungo. Hatimaye macho nayo yakaharibika, na akiwa na umri wa miaka 25 tu alikuwa kipofu kabisa.

Mwaka 1812 alipewa makao Windsor, pamoja na maofisa wachache wa majini wasiojiweza. Sharti lilikuwa kukaa hapo na kuhudhuria ibada kila siku. Kwa kijana aliyekulia baharini, utulivu huo ulizidi kumdhoofisha. Aliomba ruhusa kwa ajili ya afya yake, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, kisha akaanza kusafiri.

Silaha yake ilikuwa fimbo yenye ncha ya chuma. Alipoigonga chini, alisikiliza jinsi sauti inavyorudi. Ukuta hurudisha mwangwi. Mlango ulio wazi huumeza. Njia nyembamba husikika tofauti na uwanja. Hivyo sikio lilifanya kazi ya jicho, na mkono ukaupima udongo. Ili kuandika alitumia noktografu, kibao chenye nyaya za kuongoza mkono, pamoja na karatasi ya kaboni. Hakuhitaji wino wala kuona mstari.

Kati ya 1819 na 1821 alipita Ufaransa, Italia, Uswisi na nchi za mto Rhine, akapanda mlima wa moto wa Vesuvius. Mwaka 1822 alielekea Urusi, akafika Irkutsk katika Siberia. Huko alidhaniwa kuwa mpelelezi, na kwa amri ya mfalme wa Urusi akasindikizwa hadi mpakani. Hapana shaka walinzi wake walishindwa kuamini kwamba kipofu aweza kusafiri umbali ule bila shabaha ya siri.

Hakukata tamaa. Tangu 1827 hadi 1832 aliizunguka dunia. Alikaa Fernando Po, kisiwa kiitwacho leo Bioko, ambako manowari za Uingereza zilipambana na biashara ya watumwa, na ambako homa iliua mabaharia wengi. Akaendelea hadi Brazil, Afrika ya Kusini, Mauritius, Bara Hindi, China na Australia. Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe, alimtaja katika maandishi yake. Holman alifariki London tarehe 29 Julai, 1857.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1944, jeshi la Marekani lilikuwa na askari wengi waliopofuka vitani. Katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, sajini Richard Hoover alibuni fimbo ndefu na nyepesi, na namna ya kuipepeza kushoto na kulia ili kukagua hatua inayofuata. Leo ziko fimbo zinazotoa sauti isiyosikika na binadamu, kama afanyavyo popo. Sauti ikigonga kizuizi na kurudi, mpini hutetemeka mkononi.

Chombo kimebadilika, lakini kanuni ni ile ya Holman: kupeleka sauti mbele na kusoma jibu lake. Hata hivyo chombo pekee hakitoshi. Fimbo bora haimfai mtu aliyefungiwa nyumbani. Mwenzetu aliyepoteza macho katika kulinda taifa anadai kwetu mambo mawili: mafunzo na kazi. Tukimpa huruma tupu, tutakuwa tumemjengea Windsor nyingine.