Benjamin Franklin na Mwanawe William

Tukisikia habari za vita vya uhuru, mara nyingi twadhani kwamba watu wote wa nchi walisimama upande mmoja, na adui upande wa pili. Sivyo. Vita vya namna hiyo hupita katikati ya vijiji, na pengine katikati ya baba na mwana. Ndivyo ilivyompata Benjamin Franklin, mtu mashuhuri wa Marekani.

Franklin alizaliwa Boston tarehe 17 Januari 1706. Baba yake alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni, mwenye watoto wengi. Siku zile nchi hiyo ilikuwa makoloni, na wahamiaji waliotoka Ulaya wakakaa humo walikuwa raia wa ufalme wa Uingereza. Benjamin alisoma shule miaka miwili tu, kisha kaka yake akamfundisha kazi ya kupiga chapa. Mwaka 1723 alitoroka, akaenda Philadelphia, na huko kwa bidii yake akapata mtambo wake mwenyewe na gazeti lake.

Alikuwa na mwana, jina lake William, aliyezaliwa nje ya ndoa. Lakini Benjamin hakumficha. Alimlea nyumbani mwake pamoja na mkewe Deborah. Mwana wa pili, Francis, alikufa kwa ndui mwaka 1736, akiwa na miaka minne. Basi William akabaki mwana wa kiume wa pekee, nao wakapendana sana. Mwaka 1752, Benjamin alipotaka kujua kama radi ni umeme, William ndiye aliyemsaidia kurusha tiara ya kitambaa chini ya mawingu ya mvua. Mwaka 1757 walisafiri pamoja mpaka London. Huko William alisomea sheria, na mwaka 1762 mfalme akamweka kuwa gavana wa koloni la New Jersey. Baba alifurahi. Mwana aliapa kumtii mfalme, na kiapo hicho ndicho kilichowatenga baadaye.

Mwaka 1765 Bunge la Uingereza lilitoza makoloni kodi juu ya karatasi za hati na magazeti. Wahamiaji walikataa, kwa kuwa hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika Bunge hilo. Kodi ile iliondolewa mwaka 1766, lakini nyingine zikafuata. Benjamin, aliyekuwa London, alijitahidi miaka mingi kuwapatanisha. Hata mwezi wa Januari 1774 akasimamishwa mbele ya baraza la mfalme, akatukanwa hadharani, akaondolewa katika kazi yake ya posta. Tangu hapo moyo wake uligeuka. Aliporudi kwao Mei 1775, vita vilikuwa vimekwisha kuanza.

Mwaka huo baba na mwana walikutana nyumbani kwa rafiki yao Joseph Galloway. Benjamin alitaka William aache ugavana na kushika upande wa nchi yake. William alikataa: yeye ameapa, na mwenye kuapa hawezi kumwacha mfalme siku ya taabu. Galloway naye alibaki upande wa mfalme. Waliagana bila kupatana.

Hata Wakatoliki waligawanyika. Mwaka 1776 Benjamin, mzee wa miaka 70, alitumwa Kanada pamoja na Padri John Carroll, wawavute Wakatoliki wa huko wajiunge na vita. Lakini Askofu Briand wa Quebec aliwaamuru waamini wake wakae na mfalme, na safari haikufaulu. Benjamin akaugua, na Padri Carroll akamsindikiza njiani kurudi, akimtunza.

Juni mwaka huo huo William alikamatwa. Baba yake hakumwombea. Tarehe 4 Julai makoloni yalitangaza uhuru, na Benjamin alikuwa mmoja wa watu watano waliowekwa kutayarisha tangazo lile. Kisha akaenda Ufaransa kutafuta msaada, akamchukua Temple, mwana wa pekee wa William. Mwaka 1777 William alikuwa kifungoni, mkewe akaugua New York. Akaomba ruhusa ya kwenda kumwona, akanyimwa, mke akafa. Alipofunguliwa mwaka 1778 aliongoza wafuasi wa mfalme waliopigana na majirani zao, na mwaka 1782 akahamia Uingereza.

Vita vilipokwisha, wafuasi wa mfalme wapatao 60,000 waliihama nchi, wengi wakienda Kanada. Kati yao walikuwamo Waafrika. Waingereza walikuwa wamewaahidi uhuru watumwa watakaowaacha mabwana waasi. Waafrika wapatao 3,000 walipelekwa Nova Scotia, na mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao wakavuka bahari kuja Sierra Leone, wakaanzisha mji wa Freetown. Kwa hao, uhuru ulikuwa upande wa mfalme.

Tarehe 3 Septemba 1783 Benjamin alitia sahihi mapatano ya amani na Uingereza. Mwaka uliofuata William alimwandikia, akiomba wapatane. Baba alijibu kwamba jeraha lake lilikuwa kubwa mno. Walionana Southampton mwezi wa Julai 1785, wakafanya hesabu za madeni na mashamba, wakaachana. Hawakuonana tena. Benjamin alikufa tarehe 17 Aprili 1790. Katika wosia alimwachia William kidogo sana, na sababu aliyoiandika ilikuwa vita.

Wasomaji wapenzi, tusiharakishe kumhukumu mmoja wao. Mwana alishika kiapo chake, baba alishika haki ya watu wake. Lakini tazameni jambo hili: mzee yule alipatana na mfalme aliyepigana naye miaka minane, asipatane na mwanawe aliyemwandikia kwanza. Amani ya nchi hupatikana kwa sahihi za wakubwa. Amani ya nyumba haina mjumbe wa kuileta, ila wenye nyumba wenyewe. Basi, mwenye ndugu aliyetengana naye kwa ajili ya mambo ya nchi, akipata barua yake, asiiweke mpaka kesho.