JAMES BRAIDWOOD: JAMAA ALIYEUFANYA UZIMAMOTO UWE KAZI YA KUSOMEA

Siku hizi vijana wengi tuliomaliza sekondari tunatafuta kozi fupi za kutupa kazi, na mojawapo ni hizi za maafa na uokoaji: jinsi ya kuzima moto, jinsi ya kutoa watu, jinsi ya kupanga kikosi kwenye tukio, nani aamuru na nani atii. Nimesikia watu wanazicheka. Wanauliza moto unasomewaje, si unamwaga maji tu basi? Sasa leo nawaletea maisha ya mzee mmoja wa Scotland aliyekataa kabisa mawazo hayo. Alijenga maisha yake yote juu ya imani kwamba mtu wa kuzima moto lazima afundishwe kabla moto haujawaka, na mwisho wa siku akafia kazini. Anaitwa James Braidwood. Kama upo kafe na dakika zako zinakatika, soma angalau pale kwenye moto wa 1824.

Alizaliwa Edinburgh mwaka 1800. Baba yake alikuwa na shughuli ya kutengeneza samani na ujenzi, kwa hiyo kijana hakuwa mtoto wa shida. Akasoma Royal High School, shule ya maana pale mjini, halafu akaingia kwenye kazi za ujenzi za baba yake. Hii sehemu watu huipita haraka lakini kwangu mimi ndiyo ufunguo wa mambo yote. Jamaa alijua nyumba. Alijua boriti linakaa wapi, paa limeshikiliwa na nini, ukuta upi ukiondolewa nyumba inashuka. Mtu wa namna hiyo akiona jengo linaungua haoni moto tu, anaona jengo.

Edinburgh ya wakati ule, ule mji wa zamani, ilikuwa na majengo marefu ya mawe ya ghorofa nyingi, yamebanana, na katikati vichochoro vyembamba. Huko ndani familia juu ya familia. Kampuni za bima kila moja ilikuwa na mashine zake za kuvutia maji na watu wake, wakifika kwenye tukio kila mtu na bosi wake. Mwaka 1824 mji na kampuni za bima wakakubaliana kuunganisha nguvu, kikaundwa kikosi kimoja, ambacho kinahesabiwa kuwa cha kwanza cha zimamoto cha manispaa katika Uingereza yote, Scotland ikiwemo. Mkuu wake wakamchagua Braidwood. Alikuwa na miaka 24. Ndiyo, 24, umri ambao wengi wetu bado tunaomba nauli nyumbani.

Hata hajakaa sawa kwenye kiti, tarehe 15 Novemba 1824 usiku, moto ukaanza kwenye karakana ya mchonga nakshi za kuchapishia, kichochoro kinachoitwa Old Assembly Close, karibu na barabara kuu ya High Street. Kikosi kilikuwa na wiki chache tu tangu kianze, watu hawajafundishwa, hata kuzoeana bado. Vichochoro vilikuwa vyembamba kiasi cha kuzisumbua mashine. Na zile zilikuwa mashine za mikono, hakuna injini, watu wanasimama pande mbili wanapampu juu chini mpaka mikono inakufa ganzi.

Lakini kilichoharibu kuliko vyote ni amri. Wakubwa wa mji walifika, mahakimu walifika, kila mwenye cheo akaona anajua. Huyu anaamuru mashine iende huku, yule anairudisha kule, na Braidwood mwenyewe, ambaye ndiye aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, alikuwa hana mamlaka ya kumwambia mheshimiwa anyamaze. Siku ya pili mchana cheche zikashika mnara wa kanisa la Tron Kirk, ukaungua. Usiku wake moto mwingine ukazuka upande wa Parliament Square. Ulipokuja kumalizika watu 13 walikuwa wamekufa, wawili kati yao ni zimamoto, na familia zinazokadiriwa 400 hazina pa kulala.

Lawama zikamwangukia nani? Kijana bila shaka. Ila safari hii mji ulikaa ukajiuliza vizuri. Wakaona tatizo halikuwa kijana, tatizo ni mabosi wengi kwenye moto mmoja. Ikaamuliwa kwamba kwenye tukio la moto mkuu wa zimamoto peke yake ndiye mwenye sauti juu ya watu wake na mashine zake. Wadau, mnaona hilo ni jambo dogo? Kozi zote za maafa za leo zina somo la nani anaongoza tukio, na watu wanalifanyia mtihani. Nenda kwenye moto wowote mtaani kwetu uone: mmoja anapiga kelele mwageni mchanga, mwingine anavunja dirisha, wa tatu anabeba tivii, na gari la zimamoto likifika linapigwa mawe kwamba limechelewa.

Baada ya hapo ndipo Braidwood akaanza kazi yake halisi. Kwanza, watu. Hakuchukua kila mwenye mabavu. Alitafuta mafundi: waezekaji wa mapaa, maseremala, waashi, mafundi bomba. Mwezekaji hahofii kutembea juu ya paa, mwashi anajua ukuta unapoanza kusema kwaheri, seremala anajua pa kukata ili ngazi isije ikaanguka na wewe. Alipenda vijana wa miaka 17 hadi 25, kwa sababu aliona wanashika mafunzo haraka kuliko watu wazima waliokwisha zoea mambo yao. (Hapo vijana wa kijiweni mmepata pa kujidai.) Wengi hawakuwa waajiriwa wa kutwa, mchana walikuwa kwenye ufundi wao na moto ukitokea wanaitwa.

Pili, mazoezi. Na hapa jamaa alikuwa noma. Aliwatoa kitandani kwenye mazoezi alfajiri kabisa, giza bado, baridi ya Scotland ile. Sababu zake zilikuwa za akili. Saa ile barabara ni tupu, hakuna umati wa kushangaa na kuzuia njia. Mafundi wanakuwa hawajaanza vibarua vyao, kwa hiyo hawapotezi riziki. Na moto mwingi wa hatari ni wa usiku, basi mtu azoee kuunga mpira wa maji kwa kupapasa gizani, mkono ujue wenyewe bila macho. Akawafanyisha na mazoezi ya viungo, kupanda, kushuka, kubeba. Kwenye kelele za moto sauti ya mtu haisikiki, kwa hiyo akaweka ishara za filimbi, kila mlio na maana yake: pampu, simama, songa mbele. Akawavalisha sare, na kofia ngumu ya ngozi yenye ulimi nyuma wa kukinga shingo dhidi ya maji na vitu vya moto vinavyodondoka.

Tatu, na hili ndilo lililompa jina, aliwafundisha kuingia ndani. Kabla yake desturi ilikuwa kusimama barabarani na kurusha maji kupitia dirishani, kule unakotoka moshi. Braidwood alisema kwa vitendo kwamba hiyo ni kazi bure, unalowesha moshi na kuharibu mali ya mwenye nyumba wakati moto wenyewe uko chumba cha tatu unakula. Lazima maji yagonge kile kinachoungua, na ili yagonge lazima mtu asogee karibu. Sasa huwezi kumwambia mtu asiyefundishwa aingie kwenye jengo linalowaka, utakuwa umemuua. Ndiyo maana kuingia ndani na mafunzo vilikwenda pamoja. Aliwafundisha kwamba kwenye moshi mzito kichwa kikae karibu na sakafu, maana hewa ya kupumua inabaki chini. Kitu hicho hicho wanakifundisha hadi leo, hata watoto wa shule wanapopata bahati ya kufundishwa. Shule niliyosoma mimi mtungi mwekundu ulining'inia miaka minne na hakuna aliyetuonyesha pini iko wapi.

Inasimuliwa pia kwamba kwenye moto mmoja pale Edinburgh aliambiwa kuna baruti ndani ya duka la vifaa vya chuma, akaingia mwenyewe akaitoa.

Mwaka 1830 akaandika kitabu. Alikuwa na miaka 30 tu. Kinahusu mashine za kuzimia moto, mafunzo ya zimamoto na namna ya kuendesha kazi moto ukitokea, na kinatajwa kuwa cha kwanza cha aina yake kwa Kiingereza. Kabla ya hapo ujuzi huu ulikuwa kichwani mwa mtu, akifa unazikwa naye. Mwaka huo huo chama cha sanaa na ufundi cha London kilimpa medali ya fedha kwa ngazi ya mnyororo ya kuokolea watu.

London wakamtamani. Kule nako kila kampuni ya bima ilikuwa na kikosi chake, mashindano matupu. Mwaka 1833 kampuni 10 zikaunganisha vikosi vyao, kikaundwa kikosi kimoja cha zimamoto 80 wa kudumu, Braidwood akawa mkuu. Na hapa akabadilisha mawazo kidogo. Badala ya mafundi wa ujenzi akapenda mabaharia. Baharia amezoea amri, amezoea kupanda kamba usiku kwenye upepo, na hashangai ukimwamsha saa nane. Kazi ilikuwa ya saa 24, wanalala kituoni.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 16 Oktoba 1834. Serikali ilikuwa na rundo la vijiti vya mbao vya zamani vilivyotumika kuweka hesabu za kodi, mtu akaamua vichomwe kwenye matanuri chini ya jengo la Bunge. Wakavichoma vingi mno. Jioni Bunge zima likawaka. Braidwood akaona haliokoleki lote, akaelekeza nguvu kwenye Westminster Hall, lile ukumbi kuu la karne nyingi lenye paa la mbao, na likapona. Lipo mpaka leo. Kuchagua cha kuacha kiungue ili uokoe kingine nadhani ndiyo amri ngumu kuliko zote, na haiwezi kutolewa na kamati.

Ungetegemea baada ya Bunge lenyewe kuungua serikali ingechukua jukumu la zimamoto. Wapi. Waliwaachia watu wa bima kwa zaidi ya miaka 30. Hapo ndipo mimi nina ugomvi na hadithi hii. Unaweza kuwa na watu waliofundishwa vizuri kuliko wote, lakini 80 kwa mji kama London? Kando ya mto Thames wafanyabiashara walizidi kujenga maghala makubwa kuliko uwezo wa mashine yoyote, na Braidwood aliwaonya wakubwa miaka kabla kwamba ghala la aina ile likishika moto hakuna nguvu ndani ya London ya kulizima. Wakamheshimu, wakampigia saluti, na maghala yakaendelea kujengwa.

Jumamosi ya tarehe 22 Juni 1861 alasiri, moto ukaanza kwenye maghala ya Cotton's Wharf, mtaa wa Tooley, kusini ya mto. Ndani kulikuwa na pamba, katani, juti, sukari, mafuta ya wanyama na shura, ile inayotengenezewa baruti. Milango ya chuma ya kuzuia moto usihame kutoka ghala moja kwenda jingine ilikuwepo, ila iliachwa wazi. Milango! Kitu cha kusukuma tu kwa mkono. Maji ya mto nayo yalikuwa yamekupwa, mashine zilizo kwenye boti zikahangaika kuvuta. Mafuta yakayeyuka yakaelea mtoni yakiwaka.

Jioni Braidwood, sasa mzee wa miaka 60, alikuwa anazunguka kuangalia vijana wake waliochoka na joto, akiwagawia kinywaji kidogo cha kuwatia nguvu. Mlipuko ukatokea, ukuta wa ghala ukaanguka. Ulimfunika yeye na zimamoto mwingine. Mtu aliyesomea kuta tangu utotoni. Kifusi kilikuwa cha moto mno, ilichukua siku kadhaa kuutoa mwili, na moto wenyewe ulikaa wiki mbili kabla ya kuzimika kabisa.

Alizikwa tarehe 29 Juni kwenye makaburi ya Abney Park. Msafara ulikuwa na urefu wa karibu kilometa 2 na nusu, na makanisa ya mjini yaligonga kengele. Baada ya maziko watu wa bima wakapiga hesabu, hasara ilikadiriwa pauni milioni 2. Wakapandisha viwango vya bima na wakaiambia serikali kwamba wao basi, wamechoka kubeba mji mzima. Sheria ikapitishwa mwaka 1865, na Januari 1866 London ikapata kikosi cha zimamoto cha umma, chini ya Eyre Massey Shaw. Mwaka huo 1866 maandishi ya Braidwood kuhusu kuzuia na kuzima moto yakatolewa tena kwa kitabu, wanafunzi wapya wakayasoma.

Nyumbani kwao Edinburgh sanamu yake ilizinduliwa mwaka 2008, miaka 147 baada ya kifo chake. Imesimama pale Parliament Square, uwanja ule ule uliowaka usiku wa pili wa moto wa 1824.

Mdau yeyote aliyepita mafunzo ya zimamoto kwetu, hasa waliokwenda chuo cha Chogo kule Handeni, tupe uzoefu hapo chini: mnaamshwa saa ngapi, na filimbi bado zipo?

Nawasilisha.