Amani ya Moyo Kabla ya Kuamua: Tujifunze kwa Nyaatha



Malipo ya kahawa yanapotoka, au bonasi ya chai inapoingia, nyumba nyingi za Kerugoya huwa na mjadala. Baba anataka ploti mjini, mama anawaza karo. Mara nyingine mmoja huamua peke yake, akapumua kwa kuwa jambo limekwisha. Lakini je, kupumua huko ndiyo amani ambayo Kristo aliwaachia wafuasi wake?

Ili tupate jibu, tutazame maisha ya mtu aliyeishi karibu nanyi, ng'ambo ya mto Sagana, huko Gikondi katika Mukurwe-ini. Huyo ni Mwenye Heri Sista Irene Stefani, ambaye wazee wetu walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia. Mama yake alifariki mwaka 1907, naye akiwa bado msichana akasaidia kuwalea wadogo zake. Tayari alitamani kuwa mmisionari, lakini miaka kadhaa ilipita kabla hajaondoka nyumbani. Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata mjini Torino, akapewa jina Irene. Katika Kigiriki jina hilo maana yake ni amani. Mwanzoni mwa 1915 alifika Kenya.

Msidhani kwamba mwenye jina la amani alipata maisha ya raha. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza. Kuanzia mwaka 1916 Sista Irene aliwahudumia wapagazi wa jeshi katika hospitali za Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Hao walikuwa Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita, wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Husimuliwa kwamba siku moja huko Kilwa alikuta kitanda cha mgonjwa wake kitupu, akaambiwa amekufa na amepelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine. Sista aliteremka hadi ufukweni, akatafuta kati ya miili ile, akamkuta mtu wake bado anapumua. Bila shaka kwenda kule kuliogofya. Hapa tunajifunza jambo la kwanza: amani ya Kikristo haiondoi hofu. Humwezesha mtu kutenda lililo jema hata akiwa na hofu.

Kuanzia mwaka 1920 aliishi Gikondi kwa miaka kumi. Alifundisha, akapanda na kushuka vilima kuwatembelea wagonjwa, akawaandikia wazazi barua za kuwapelekea watoto wao waliokwenda kufanya kazi mbali. Kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza.

Mnamo Septemba 1930 alikwenda Nyeri kwa mafungo. Huko alisikia moyoni wito wa kumtolea Mungu uhai wake kwa ajili ya utume. Hakulificha jambo hilo, wala hakujiamulia peke yake. Alimwomba mkuu wake ruhusa. Kisha akarudi Gikondi kwenye kazi zake za kila siku. Hakuwa mtu aliyechoka kuishi. Mwezi uliofuata alimhudumia mwalimu mmoja aliyekuwa na tauni, ugonjwa ukampata, akafariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri huko Nyeri.

Sasa, ninyi mlio katika ndoa hamkuitwa kuishi kama Sista Irene. Lakini njia yake ya kuamua inawafaa. Alisali, akasema wazi lililomo moyoni, akasubiri kusikia mwenzake anasemaje, ndipo akatenda bila kugeuka nyuma.

Wewe baba unayetaka kuweka hati ya shamba benki ili upate mkopo, jipime hivi. Je, utulivu ulio nao utabaki ukimweleza mkeo habari yote? Kama unategemea yeye asijue, huo si amani. Ni usingizi tu, na siku barua ya benki itakapofika mtaamka wote wawili.

Nawe mama, usiite amani ule ukimya wa kuogopa kugombezwa. Nyumba ambayo mmoja hunyamaza kwa woga haijapata amani bado, hata kama majirani hawasikii kelele. Ikiwa kuna vitisho au kipigo, usivumilie peke yako; tafuta msaada kwa watu unaowaamini na kwa wanaohusika na usalama.

Pia msiamue mkiwa na hasira au huzuni nzito. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, aliyefariki mwaka 1556, alifundisha kwamba wakati wa giza la moyo mtu asibadili uamuzi mwema aliouweka akiwa na utulivu. Lala kwanza. Jambo lililo la Mungu litakuwepo hata kesho.

Je, mkisali na kuzungumza, na mmoja bado hana amani? Basi subirini ikiwezekana, muulizane ni nini kinachomsumbua. Huenda ameona shimo ambalo mwenzake hajaliona. Na kama jambo haliwezi kungoja, chagueni lile lisilomdhulumu yeyote, wala mtoto, wala mzazi mzee.

Jioni hii, watoto wakishalala, kaeni wawili mjiulize:

1. Ni uamuzi gani tulioufanya mwaka huu ambao mmoja wetu hakusikilizwa?

2. Kuna jambo gani ninaloogopa kumwambia mwenzangu?

3. Tutasali pamoja siku ngapi kabla ya kuamua lile lililo mbele yetu?

Mwenye Heri Irene awaombee. Amani ya Kristo itawale nyumbani kwenu.