Oliver Heaviside

Oliver Heaviside (Camden Town, London, 18 Mei 1850 – Torquay, 3 Februari 1925) alikuwa mwanahisabati, mwanafizikia na mhandisi wa umeme kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa milinganyo inayoeleza jinsi ishara za umeme zinavyosafiri katika waya.

Maisha

Alizaliwa katika familia maskini. Ugonjwa wa utotoni ulidhoofisha usikivu wake. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akafanya kazi ya telegrafu huko Denmark na Newcastle. Mwaka 1874 aliacha ajira, akarudi kwa wazazi wake na kujisomea kitabu cha James Clerk Maxwell. Hakuoa.

Kazi

Wakati huo telegrafu ilikuwa ikienea duniani. Kebo ya baharini kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879. Katika kebo ndefu ishara zilitanuka na kufifia njiani, hata herufi moja ikaingiliana na nyingine. Wataalamu waliotangulia walihesabu ukinzani wa waya na uwezo wake wa kutunza chaji tu. Heaviside aliongeza induktansi na uvujaji wa mkondo. Alionyesha kwamba vitu hivyo vinne vikiwa na uwiano unaofaa, ishara hupungua nguvu lakini haipotezi umbo lake. Kwa hiyo kuongeza induktansi kungeboresha simu.

William Preece, mhandisi wa Posta ya Uingereza, aliamini kinyume chake. Mwaka 1887 alizuia makala ya Heaviside na kaka yake Arthur isichapishwe. Mwaka 1900 Mihajlo Pupin alipata hataza ya koili za namna hiyo huko Marekani, akatajirika.

Heaviside alibuni pia njia ya kukokotoa kinachotokea umeme unapowashwa ghafla. Kwa mfano, kapasita ikiwekwa katikati ya njia, huzuia mkondo usiobadilika na kupitisha mabadiliko: upande wa pili volteji hupanda mara moja, kisha hushuka polepole.

Urithi

Mwaka 1891 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka 1922 alikuwa mtu wa kwanza kupewa Nishani ya Faraday. Hata hivyo alifariki akiwa maskini.

Leo programu za kompyuta zinazoiga ishara za kasi kubwa kupitia nyaya na kapasita, kabla saketi haijatengenezwa, hutumia milinganyo yake.